Jina Lako, Fremu ya Kupanga

Rafiki yangu mmoja ana nyumba ya wageni Pangani, vyumba vinane, si mbali na kivuko. Mwaka alioifungua alimlipa kijana mmoja amtengenezee tovuti. Kijana alifanya kazi nzuri. Picha zilipendeza, bei ziliandikwa wazi, na wageni wa Dar es Salaam na Arusha wakaanza kuagiza vyumba kwa barua pepe. Rafiki yangu akaichapisha anwani ile kwenye kadi, akaitarizi kwenye taulo, na akamwita mchoraji aiandike kwa rangi ya bluu kwenye ukuta unaotazama barabara. Miaka mitatu baadaye mgeni wa zamani alimpigia simu kumuuliza kama siku hizi ameingia kwenye biashara ya kubeti. Alipoifungua anwani yake mwenyewe alikuta ukurasa wa kamari, umeandikwa kwa lugha asiyoijua.

Aliponipigia alikuwa na hakika amevamiwa na wadukuzi. Hapakuwa na mdukuzi. Jina la tovuti lilisajiliwa kwa jina la kijana, kwa barua pepe ya kijana, likalipiwa kwa kadi ya kijana. Kijana akapata kazi Muscat, akabadili namba, na barua za kumkumbusha kulipia zikawa zinaingia kwenye sanduku ambalo hakulifungua tena. Muda ulipokwisha jina likarudi sokoni, mtu wa mbali akalilipia. Hakuna sheria iliyovunjwa, kwa hiyo hatukuwa na pa kushitaki.

Nimekutana na kisa hiki mara nyingi mno, kwa shule, kwa vikundi vya akina mama, kwa wauza vipuri, na kila mara kinaniuma, kwa sababu kinga yake ni nusu saa ya uangalifu mwanzoni. Ninawaandikia watu wasio mafundi na wasiokusudia kuwa mafundi, ila wana biashara au shughuli ambayo jina lake lina thamani kwao.

Fundi akikuambia atakutengenezea tovuti kwa shilingi kadhaa, ndani ya bei hiyo amefunga vitu vitatu ambavyo havina undugu. Cha kwanza ni jina, ambalo kwa Kiswahili cha vitabuni ni kikoa na mjini ni domeini. Cha pili ni mahali pa kuiweka tovuti, watu wanapaita hostingi. Cha tatu ni tovuti yenyewe, yaani kurasa, picha na maandishi. Fikiria duka la mtaani. Fremu umepanga, bidhaa ni zako, na juu ya mlango kuna bango lenye jina ambalo wateja wamelizoea. Mwenye fremu akipandisha kodi unabeba bidhaa zako, unatundika bango lako mtaa wa pili, na wateja wanakufuata. Bango likiwa mali ya mwenye fremu, utahama na magunia yako lakini wateja wataendelea kuingia pale pale palipo jina. Kwenye risiti ya fundi haya yanaweza kuwa mstari mmoja. Kwa kweli ni mikataba tofauti, yenye tarehe tofauti za kuisha, na mara nyingi na kampuni tofauti.

Tuanze na jina. Kila kompyuta iliyounganishwa na intaneti ina namba, nayo huitwa anwani ya IP. Huandikwa kwa mafungu manne, mfano 192.0.2.10, na zile za kizazi kipya ni ndefu zaidi. Mashine zenyewe hutafutana kwa namba hizo tu. Simu yako inakufanyia jambo lilelile kila siku: unagusa "Fundi Bomba", nayo inapiga tarakimu kumi ambazo hujawahi kuzikariri. Fundi Bomba akibadili laini, unaandika namba mpya chini ya jina lilelile. Kikoa ni jina kama hilo, isipokuwa limeandikwa kwenye daftari la dunia nzima.

Daftari hilo lilianza likiwa faili moja. Lilitunzwa katika taasisi ya utafiti ya SRI huko Menlo Park, California, na kikosi kilichoongozwa na Elizabeth Feinler. Aliyetaka kompyuta yake ijulikane aliwaarifu, wao wakaiandika, na wengine wote wakanakili faili upya. Kompyuta zilipozidi kuongezeka utaratibu huo ulielemewa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris wa Chuo Kikuu cha Southern California, akishirikiana na Jon Postel, alibuni mfumo tunaoutumia hadi leo, DNS, ambamo daftari limegawanywa na kila mwenye eneo anatunza kurasa zake mwenyewe. Jina la kwanza la .com, symbolics.com, lilisajiliwa tarehe 15 Machi 1985.

Kwa kuwa daftari limegawanywa, jina husomwa kuanzia kulia. Mteja akiandika jinalako.co.tz, simu yake huiuliza seva ya kampuni yake ya simu. Seva hiyo ikiwa haina jibu, huanzia juu kabisa, kwenye seva za mzizi, ikiuliza nani anatunza .tz. Seva za mzizi zina majina 13, kuanzia A hadi M, lakini mashine zenyewe ni nyingi na zimetawanywa duniani, zikiwamo zilizoko Nairobi na Dar es Salaam. Mzizi unaielekeza kwa wa .tz. Wa .tz wanasema jina hili limekabidhiwa kwa seva fulani, kwa kawaida mbili. Hizo mbili ndizo zinazotoa namba ya mahali tovuti ilipo. Yote haya huisha kwa kufumba na kufumbua.

Zishike akilini hizo seva mbili za mwisho. Mafundi wanaziita nemuseva. Ukihamia hostingi nyingine utaambiwa "badilisha nemuseva", nawe utakwenda kwa aliyekusajilia jina, si kwa aliyekupangisha, uandike mpya. Ndiyo waya unaoliunganisha bango na fremu.

Jambo jingine la kujua hapa ni kwamba jibu likishatolewa huwekwa akibani kwa muda, ili seva zisiulizane upya kila mara. Muda huo huitwa TTL na huhesabiwa kwa sekunde: 3600 ni saa moja, 86400 ni siku nzima. Ndiyo sababu tovuti ikihamishwa wewe unaiona mpya na dada yako aliyeko Mwanza anaiona ya zamani, kisha mnagombana na fundi bila sababu. Ukipanga kuhama, siku mbili kabla mwambie fundi apunguze TTL hadi 300, yaani dakika tano. Mkishatulia mahali papya airudishe.

Sasa, nani anauza majina haya? Anayeratibu mfumo mzima ni ICANN, shirika lisilo la faida lenye makao California, lililoanzishwa 1998. Kila kiishio cha jina kina mtunza daftari wake. Daftari la .com liko kwa kampuni ya Verisign, la .ke liko kwa KeNIC ya Nairobi, na la .tz liko Tanzania chini ya usimamizi wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kwa kawaida watunza daftari hawauzi rejareja. Wanauza kupitia wasajili, kama kiwanda cha saruji kinavyouza kupitia mawakala, na wasajili nao wana wauzaji wadogo chini yao. Fundi wako mara nyingi ni muuzaji mdogo wa ngazi ya tatu. Si kosa. Ila lazima ujue msajili halisi ni nani, maana siku fundi akipotea, huyo ndiye utakayemwendea na vitambulisho vyako. Ipo huduma ya umma ya kuulizia majina, WHOIS, ambayo kwa kawaida hukuonyesha msajili, siku jina liliposajiliwa na siku litakapoisha. Taarifa za wamiliki mara nyingi hufichwa, hasa tangu sheria ya faragha ya Umoja wa Ulaya ianze kutumika mwaka 2018, lakini tarehe na msajili ndiyo mambo unayoyahitaji zaidi. Liulizie jina lako leo.

Neno "kununua" limetupotosha. Jina halinunuliwi, linakodishwa kwa mwaka au miaka, na kwa .com huwezi kulipia zaidi ya miaka kumi kwa mkupuo. Kwa hiyo bei ya mwaka wa kwanza haikuambii kitu. Wauzaji wengi hushusha mwaka wa kwanza mpaka inakuwa kama bei ya soda, kisha mwaka wa pili unalipa mara nyingi ya hapo. Ukiwa dukani kwao uliza swali moja tu: mwaka wa pili na wa tatu ni shilingi ngapi?

Na majina ya bure je? Kwa miaka mingi vijana wetu walikimbilia viishio kama .tk, .ml na .ga, ambavyo kampuni ya Freenom ya Uholanzi ilivigawa bila malipo. Matapeli nao walivipenda kwa sababu hiyohiyo. Mwaka 2023 Freenom ikaacha kusajili majina mapya ya bure baada ya kushitakiwa na Meta, kampuni ya Facebook, na mwaka huohuo Gabon ikakirudisha kiishio chake cha .ga mikononi mwake, mamilioni ya majina yakafutwa. Waliokuwa na biashara halali humo walipotelewa pamoja na matapeli. Mtu aliyepewa bure hana mkataba wa kuushikilia.

Kuhusu kiishio kipi uchukue, mimi nina msimamo. Kama wateja wako wako Tanzania, chukua .co.tz. Kama wako Kenya, chukua .co.ke, au .ke peke yake, ambayo imefunguliwa kwa umma tangu 2017. Sababu yangu si uzalendo tu. Mtunza daftari yuko ndani ya nchi, ofisi yake unaweza kuifikia, mgogoro unaamuliwa mahali unapopaelewa, na mteja anajua papo hapo kwamba wewe ni wa hapa. Shirika lisilo la faida lina or.tz, shule sc.tz, chuo ac.tz, na hata hoteli zina hotel.tz. Kama biashara yako inategemea watalii au Waswahili walioko ughaibuni, ongeza .com ukiweza, uielekeze kwenye ile ya nyumbani. Hayo mengine yenye viishio vya kupendeza yaache mpaka biashara ikue.

Jina lenyewe lijaribu kwa simu. Mpigie mtu asiyejua biashara yako, mtamkie jina mara moja, kisha mwambie aliandike. Akikosea, wateja watakosea. Kiswahili kimetupa neema hapa, maana tunaandika tunavyotamka, kwa hiyo jina la Kiswahili hufaulu mtihani huu kuliko la Kiingereza chenye herufi bubu. Angalia tu maneno ambayo r na l hupishana kwenye ndimi za watu, na herufi zinazojirudia mahali maneno mawili yanapokutana. Kistari kinaruhusiwa, lakini utaishi ukieleza "hapo katikati weka kistari" mpaka uchoke. Mfumo unakubali hadi herufi 63 kabla ya nukta. Kaa chini ya 15.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Kila mmoja wetu anakumbuka foleni za kusajili laini kwa alama za vidole. Unajua pia tabu ya mtu mwenye laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha shemeji: siku simu ikiibiwa, namba aliyoitumia miaka kumi hawezi kuirudisha mpaka shemeji apatikane, na shemeji akikataa, basi. Kikoa ni vivyo hivyo. Mwenye jina ni yule aliyeandikwa, si yule aliyelipa, na si yule ambaye biashara ni yake. Kwa hiyo fungua akaunti ya msajili wewe mwenyewe, kwa jina lako au la kampuni kama lilivyo kwenye cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa namba yako ya simu na barua pepe yako. Kisha mpe fundi ruhusa ya kufanya kazi yake. Wasajili wengi wana njia ya kumwongeza msaidizi bila kumpa ufunguo mkuu. Kama hakuna njia hiyo, mpe paswedi akiwa amekaa mbele yako, na akimaliza ibadilishe.

Hapohapo kuna mtego ambao hata watu makini hunasa. Usiisajili akaunti hiyo kwa barua pepe ya kikoa chenyewe. Ukiwa na jinalako.co.tz, akaunti ya msajili isiwe info@jinalako.co.tz, kwa sababu siku kikoa kikiisha barua pepe hiyo inazimika nacho, na ujumbe wa kukusaidia kuingia na kulipa unatumwa mahali pasipokuwepo tena. Ni kama kuufungia ufunguo ndani ya nyumba. Tumia barua pepe ya pembeni unayoifungua kila siku. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Hakikisha kufuli ya uhamisho imewashwa, ili jina lisihamishwe kwa msajili mwingine bila wewe kujua.

Siku ukitaka kuhamisha jina mwenyewe, unaifungua kufuli hiyo, unaomba msimbo wa uhamisho, unaupeleka kwa msajili mpya, unalipa. Kwa .com kuna masharti ya muda: kwa kawaida ndani ya siku 60 tangu kusajili au kuhamisha, jina halihami tena. Msimbo huo ni haki ya mwenye jina. Fundi akikunyima, mwendee msajili wake kwa maandishi, na vyeti vya biashara mkononi, wakati bado tarehe ya kuisha iko mbali.

Tarehe hiyo ikipita mambo huenda hivi, kwa .com. Kwanza tovuti na barua pepe huzimika, na wasajili wengi hukuachia siku kadhaa ulipie kwa bei ya kawaida. Msajili akishalifuta, zinaanza siku 30 za ukombozi, ambapo jina bado unaweza kulipata lakini kwa faini ambayo mara nyingi inaizidi bei ya mwaka mzima. Halafu siku 5 ambazo hakuna anayeweza kuligusa. Halafu sokoni. Zipo kampuni ambazo kompyuta zao hukesha zikisubiri sekunde hiyo, maana jina la zamani lina viungo vinavyolielekea kutoka tovuti nyingine na mitambo ya kutafuta inaliheshimu. Ndiyo maana wa kamari walilitaka jina la nyumba ya wageni ya Pangani. Waliununua ukongwe wake. Viishio vya nchi zetu vina taratibu zake za muda, soma za kiishio chako unaposajili.

Usidhani ni uzembe wa watu wadogo. Siku ya mkesha wa Krismasi mwaka 1999 watumiaji wa Hotmail walipata shida kuingia kwenye barua zao, kwa sababu Microsoft haikuwa imelipia passport.com, jina ambalo Hotmail ililitegemea. Mtaalamu mmoja wa programu, asiyekuwa mfanyakazi wao, aligundua kasoro hiyo, akatoa dola 35 kwenye kadi yake, na huduma ikarudi. Ikiwa kampuni kubwa kiasi kile ilisahau, wewe unayeuza viungo na kulea watoto utasahau pia. Lipia miaka mitatu au zaidi kwa pamoja. Washa malipo ya kujirudia, lakini ukumbuke kadi huisha na salio hukosekana, kwa hiyo weka pia kumbukumbu kwenye simu yako na ya mtu wa pili, mwezi mmoja kabla. Na usiogope barua pepe ngeni zinazodai eti kampuni fulani ya mbali inataka kusajili jina lako, au kwamba umechelewa kulipa, bonyeza hapa. Usibonyeze. Ingia kwa msajili wako kwa njia yako ya kila siku, uangalie mwenyewe.

Hostingi ina maneno mengi ila mambo yake ni mepesi kuliko jina, kwa sababu ukikosea unahama. Ngazi ya chini ni ya kushirikiana, mamia ya tovuti kwenye seva moja. Ni ile nyumba ya kupanga yenye LUKU moja: bei ni nafuu, lakini mpangaji mmoja akianza kupika kwa jiko la umeme, uniti za wote zinakwisha. Ngazi inayofuata, VPS, bado mko nyumba moja ila una mita yako. Juu yake ni kukodi seva nzima. Kisha kuna seva za wingu, ambapo unalipia kadiri unavyotumia, na zinahitaji mtu anayejua anachofanya ili bili isikushtue. Nyumba ya wageni, duka, zahanati au kikundi kinatosha kabisa kwenye ya kushirikiana. Ukisoma "bila kikomo" jua kikomo kipo, kimeandikwa kwenye masharti, mara nyingi kwa idadi ya mafaili. Na kama biashara yako yote inaendeshwa kwa WhatsApp na Instagram na inakwenda vizuri, usilipie hostingi kwa sasa. Chukua jina tu, ulielekeze kwenye ukurasa wako huo. Siku ukijenga tovuti, jina litakuwa limeshazoeleka.

Seva iwe wapi? Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na kwa majirani. Tovuti iliyoko kwenye seva ya Dar es Salaam inaweza kumfikia mteja wa Dar es Salaam kupitia TIX, mahali ambapo kampuni za intaneti hubadilishana mizigo ndani ya nchi bila kwenda majuu, kwa hiyo siku kama ile ina nafasi nzuri ya kuendelea kufunguka. Wateja wako wakiwa hapa, pangisha hapa, mradi kampuni iwe na umeme wa akiba na inapokea simu. Wajaribu kwa kuwapigia Jumapili jioni kabla hujalipa. Wateja wakiwa Ulaya, pangisha Ulaya.

Lakini popote utakapopanga, nakala ya akiba ni juu yako. Usiku wa tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa. Wapo wateja waliokuwa wamelipia nakala za akiba na bado wakapoteza kila kitu, kwa sababu nakala zilikuwa palepale penye moto. Kila mwezi pakua nakala nzima, mafaili pamoja na hifadhidata, uiweke kwenye kompyuta yako na mahali pa pili. Mwombe fundi aijaribu mara moja kuirejesha mbele yako. Nakala ambayo haijajaribiwa siihesabu.

Kile kikufuli kinachoonekana karibu na anwani ni cheti cha usalama. Let's Encrypt hutoa vyeti hivyo bure, na hostingi nzuri hukuwekea na kuvihuisha vyenyewe. Anayekutoza fedha nyingi kwa ajili ya kikufuli cha tovuti ndogo, mwulize ni kwa nini.

Barua pepe ndiyo inayoumiza wengi wanapohama. Kwenye daftari la kikoa kuna mstari unaoitwa A, unaoonyesha tovuti ilipo, na mstari mwingine, MX, unaoonyesha barua ziende wapi. Ni mambo mawili. Tovuti inaweza kuwa Dar es Salaam na barua pepe zikawa kwa kampuni nyingine kabisa. Fundi akibadili nemuseva bila kuinakili mistari yote iliyokuwepo, tovuti mpya itapendeza na barua zitaacha kuingia, nawe utafurahia picha wiki nzima bila kujua kwamba maombi ya vyumba yanarudishwa kwa wateja. Kabla ya kuhama, piga picha ya mistari yote kama ilivyo, na siku ya kuhama jitumie barua kutoka anwani nyingine. Hakikisha pia fundi ameweka mistari ya SPF, DKIM na DMARC, inayothibitisha kwamba barua zenye jina lako zimetoka kwako. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti hayo, hasa kwa wanaotuma barua kwa wingi, na bila mistari hiyo ankara zako zinaweza kuishia kwenye taka.

Rafiki yangu wa Pangani alikwishachukua jina jingine, .co.tz, kwa jina lake na kitambulisho chake. Kadi alizichoma. Kwenye faili lenye leseni ya biashara na cheti cha TIN ameongeza karatasi moja: jina la kikoa, msajili, barua pepe ya akaunti, tarehe ya kuisha, hostingi, tarehe yake, na mahali nakala za akiba zilipo. Paswedi iko kwenye bahasha aliyoifunga, na binti yake mkubwa anajua ilipo. Vikundi na misikiti na makanisa fanyeni hivyo hasa, maana katibu hubadilika, na katibu hufariki.

Kama tovuti yako ilitengenezwa na mtu na hujui jina limeandikwa kwa nani, unaweza kumtumia ujumbe huu jioni hii, ukaubadili upendavyo:

"Habari za jioni kaka. Nakushukuru kwa kazi uliyonifanyia. Naomba unisaidie mambo matatu kuhusu domeini yetu: msajili wake ni nani, imeandikwa kwa jina na barua pepe ya nani, na inaisha lini. Kama imeandikwa kwa jina lako, naomba wiki hii tuihamishie kwenye akaunti yangu, nami nitagharamia uhamisho na muda wako. Niambie siku gani una nafasi, nije na kompyuta tukae pamoja."